Mtembea kwa miguu aliyegongwa na treni: jinsi ya kuandika faili na kuchagua msimbo wa ICD-10

"Ajali ya treni." Nikilifungua faili la mgonjwa wa reli, mara nyingi maelezo ya chanzo ni hayo tu. Ni kweli, lakini hayatoshi. Aliyekuwa ndani ya behewa, aliyeruka mlangoni kabla treni haijasimama na aliyekuwa akikanyaga mataruma kuelekea kazini, wote wamepata ajali ya treni, na kila mmoja ana msimbo wake kwenye ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya misimbo ya magonjwa, majeraha na vyanzo vyake. Hapa Dar es Salaam reli ya zamani inapita katikati ya makazi, Buguruni, Tabata mpaka Ubungo, na watu wanaitumia kama njia ya miguu. Tukiwachanganya na abiria, anayepanga pa kuweka kivuko au uzio hatawaona kabisa kwenye takwimu.

Nitatumia mfano niliotunga kwa ajili ya kufundishia. Kijana kaletwa kwa bajaji saa 12 asubuhi. Mguu wa kushoto umekatika chini ya goti, mfupa mkubwa wa muundi wa kulia umevunjika na kutokeza nje, na alipoteza fahamu kwa muda mfupi.

Hatua ya 1: Wawahi waliomleta

Wasamaria hawakai. Wengi wanaogopa kuitwa polisi, hivyo una dakika chache tu wakati madaktari wanazuia damu. Usiwaulize "ilikuwaje?", utapewa hadithi ndefu. Uliza hivi:

- Alikuwa wapi hasa: kwenye tambuka reli (pale barabara inapokatiza reli), juu ya tuta la reli mbali na barabara, au jukwaani stesheni?
- Alikuwa kwa miguu, anasukuma mkokoteni, anaendesha kitu, au ametoka ndani ya treni?
- Kilichomgonga ni treni au kiberenge (kigari kidogo cha reli)?
- Mguu ulikatika palepale?
- Wewe umeona kwa macho yako, au umesimuliwa?

Swali la mwisho ndilo linaloachwa mara nyingi, na ndilo litakalokuokoa kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 2: Andika sentensi moja iliyokamilika

Kwa mfano: "Kwa maelezo ya dereva bajaji aliyeshuhudia, mgonjwa alikuwa akitembea kando ya reli, mita kadhaa kutoka tambuka reli, akagongwa na treni ya abiria kutoka nyuma, mguu wa kushoto ulikatika hapohapo." Weka saa, na jina la aliyeandika. Matibabu ya dharura hayasubiri PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Fomu ikifika, ingiza namba yake kwenye faili. Maelezo ya polisi yakitofautiana na ya shahidi, yaandike yote mawili kila moja na chanzo chake. Usifute la kwanza.

Hatua ya 3: Anza na mwili

Kwa mgonjwa aliyelazwa, tatizo kuu ni jeraha lenyewe, yaani misimbo ya S na T. Chanzo cha ajali hufuata kama msimbo wa ziada. Akifariki, mpangilio hugeuka: kwenye takwimu za vifo, chanzo cha ajali ndicho kinachokuwa sababu ya msingi ya kifo. Nimeona vyeti vilivyoandikwa "kuvuja damu nyingi" tu, na treni haionekani popote.

Kijana wetu: S88.1 kwa mguu uliokatika kati ya goti na kifundo, S82.2 kwa muundi, S06.0 kwa mtikisiko wa ubongo. Kwenye S82.2 ongeza tarakimu ya tano, 1, kwa kuwa mfupa umetokeza nje: S82.21. Daktari asipoandika kwamba kidonda kiko wazi, kanuni inakutaka uhesabu mvunjiko uliofungwa, na uzito wa jeraha unapotea.

Hapa kwenye mguu nakuomba utulie, maana makosa mengi yako hapa. Ni nani aliyeukata: treni au daktari wa upasuaji? Kama gurudumu liliusaga lakini ukafika hospitali ukiwa bado umeshikamana, kisha ukakatwa chumba cha upasuaji, hiyo si S88.1. Jeraha ni la kusagwa, S87.8, na kukatwa kunaandikwa upande wa upasuaji. Miezi kadhaa baadaye akirudi kwa mguu wa bandia, utatumia Z89.5, kutokuwa na mguu, si jeraha jipya. Nesi anayempokea anaona kisigino kinaning'inia kwa ngozi anaandika "mguu umekatika". Hajakosea kwa Kiswahili cha kawaida, ila msimbo unataka zaidi. Miguu yote miwili ikikatwa na treni, nenda T05.5.

Hatua ya 4: Chanzo

Mtembea kwa miguu aliyegongana na treni au chombo kingine cha reli ni V05. Kiberenge kimo humohumo. Anayesukuma mkokoteni na aliye kwenye kiti cha magurudumu nao huhesabiwa watembea kwa miguu.

Tarakimu ya nne inategemea barabara ya umma. Kwenye tambuka reli ni V05.1. Juu ya tuta, mbali na barabara, ni V05.0. Faili likinyamaza ni V05.9. Kijana wetu ni V05.0, hata kama tambuka reli ilikuwa inaonekana pale mbele.

Wengine si V05: mwendesha baiskeli au guta la pedali ni V15, bodaboda V25, bajaji V35, daladala V75. Abiria aliyeanguka kutoka kwenye treni ni V81.6, na aliyeumia akipanda au kushuka ni V81.4.

Ukitafuta mtandaoni utakutana na V05.00XA. Huo ni wa toleo la Marekani. Usiuingize kwenye mfumo unaotumia ICD-10 ya WHO.

Hatua ya 5: Kusudio, bila kubahatisha

Aliyejitupa mbele ya treni ni X81, aliyesukumwa ni Y02. Mamlaka ya tiba au ya sheria ikiwa haijaweza kuamua kutokana na taarifa zilizopo, ni Y31. Minong'ono ya "inasemekana alikuwa na mawazo" si ushahidi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, hivyo X81 ya kukisia inaweza kumtia mtu matatani akiwa bado kitandani, na familia yake pia. Upande wa pili, daktari akishathibitisha, usiifiche kwa huruma ukaandika V05. Mgonjwa huyo anahitaji kuonwa na watu wa afya ya akili.

Hatua ya 6: Rudisha faili lenye pengo

Usijaze mwenyewe. Mwandikie daktari swali lililo wazi, lisilomwelekeza jibu. "Je, alijirusha?" ni swali baya. Mimi huandika hivi: "Naomba ufafanuzi. 1. Mguu wa kushoto ulikatika eneo la ajali au chumba cha upasuaji? 2. Mgonjwa alikuwa wapi na akifanya nini alipogongwa? 3. Nani ametoa maelezo hayo?" Kisha tarehe na sahihi, na karatasi hiyo inabaki ndani ya faili pamoja na jibu lake.