Rimoti ya King'ora cha Nyumbani: Kuichagua, Kuisajili na Kuitumia katika Nyumba za Mwanza

Rimoti ya king'ora ni ufunguo wa nyumba, kwa kuwa yeyote anayeishika anaweza kuzima ulinzi wote kwa kidole kimoja akiwa bado yuko nje ya geti. Mwongozo huu unahusu mfumo wa kawaida wenye kisanduku kikuu kinachopokea mawimbi ya rimoti, king'ora, sumaku za milangoni zinazohisi mlango ukifunguliwa, na vihisi mwendo, na umeandikwa kwa kuzingatia nyumba za Mwanza, ambako majabali, mabati na umeme unaokatika huamua mambo mengi ambayo kitabu cha maelekezo hakiyagusi.

Kabla ya kununua rimoti ya ziada, soma maandishi yaliyo nyuma ya rimoti ya zamani au ndani ya mfuniko wa kisanduku. Rimoti nyingi hutumia masafa ya megahezi 433.92, lakini ziko pia za 315 na za 868, na kisanduku hakiwezi kuisikia rimoti ya masafa yasiyo yake hata ikigusishwa nacho. Masafa yakilingana, bado kuna suala la msimbo, yaani alama ya siri ambayo rimoti hutuma ili kisanduku kiitambue, ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Rimoti za aina ya kwanza hutuma msimbo uleule kila zinapobonyezwa. Hizi ni rahisi kusajili na bei yake ni ndogo, ila mtu mwenye kifaa cha kunakili rimoti anaweza kuunasa msimbo huo na kutengeneza rimoti nyingine inayofanya kazi sawasawa na yako. Aina ya pili hubadilisha msimbo kila kitufe kinapobonyezwa, na kisanduku hukataa msimbo uliokwisha kutumika. Kwa mfumo mpya ningeshauri aina ya pili bila kusita, hata kama bei itapanda kidogo, kwa sababu hasara ya kunakiliwa kwa rimoti haionekani mpaka siku nyumba imeshaibiwa.

Kazi inayostahili muda mwingi zaidi ni kuchagua mahali pa kukiweka kisanduku, maana rimoti inayolaumiwa kuwa mbovu mara nyingi ni nzima, na tatizo liko ukutani. Umbali unaoandikwa kwenye boksi, tuseme mita 100, ni wa uwanja ulio wazi. Nyumba ya Isamilo au Capri Point iliyojengwa juu ya mwamba, huku geti likiwa chini barabarani na jabali limekaa katikati, haiwezi kupata umbali huo. Mawimbi hayapenyi vizuri kwenye jabali nene, na hupungua nguvu kila yanapokutana na ukuta wa zege wenye nondo, mlango wa chuma au grili nzito. Chagua ukuta wa ndani ulio karibu na katikati ya nyumba, au ulioelekea upande wa geti ikiwa ndiko utakakobonyezea mara nyingi. Kiinue kisanduku kufikia usawa wa kichwa, na ukiweke mahali pasipoonekana kutoka dirishani. Usikitundike nyuma ya friji, karibu na kabati la chuma, wala darini chini kabisa ya bati, kwa kuwa chuma kilicho karibu huvuruga antena hata kama hakiko kati yake na rimoti.

Antena yenyewe mara nyingi ni waya mwembamba wenye urefu wa sentimita 17 hivi, ambao ni robo ya urefu wa wimbi la megahezi 433. Wapo mafundi wanaoukunja na kuusokomeza ndani ya kisanduku ili kazi ionekane safi, au kuukata kwa sababu unaning'inia. Mkataze fundi kufanya hivyo. Waya huo unatakiwa kunyooka, usiguse chuma, na usilale sambamba na nyaya za umeme. Chaja duni, baadhi ya taa za LED za bei ya chini na vifaa vya kubadilisha umeme wa sola hutoa kelele ya mawimbi inayoifunika sauti dhaifu ya rimoti. Kama rimoti inafanya kazi mchana na kugoma usiku taa zinapowashwa, anza kuchunguza hapo.

Usitoboe ukuta kabla ya kujaribu. Shikilia kisanduku kwa muda mahali ulipopachagua, kisha mtu mmoja abaki nacho huku mwingine akienda na rimoti getini, nyuma ya nyumba, bafuni, chumbani na ndani ya gari lililofungwa vioo. Mahali ambapo kitufe hulazimika kubonyezwa mara mbili au tatu pahesabiwe kuwa hapafai, kwa sababu betri ikichoka kidogo hapo patakuwa pa kwanza kunyamaza. Jabali likikataa kabisa, suluhisho ni kifaa cha kurudufisha mawimbi kinacholingana na mfumo wako, au kukubali kwamba ulinzi utawashwa mlangoni na si getini.

Kuunganisha kisanduku na umeme wa volti 230 ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na nyinyi wengine mkae pembeni. Jukumu lako ni kuhakikisha kwamba betri ya akiba imeunganishwa kweli. Zima umeme kwenye swichi kuu, subiri, kisha washa na kuzima ulinzi kwa rimoti na usikilize kama king'ora kinalia kwa nguvu ileile. Mfumo unaokufa umeme unapokatika humsaidia mwizi kuliko mwenye nyumba.

Sasa ndipo rimoti ya ziada isajiliwe. Utaratibu hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo kitabu cha mfumo wako ndicho chenye neno la mwisho, lakini kwa kawaida hubonyezwa kitufe cha usajili ndani ya kisanduku mpaka taa ndogo iwake, kisha hubonyezwa kitufe chochote cha rimoti, na kisanduku hujibu kwa mlio mfupi au kwa kupepesa taa. Sajili rimoti moja baada ya nyingine, nyingine zote zikiwa mbali, ili isije ikasajiliwa ile uliyoikalia. Katika visanduku vingi, kitufe hichohicho kikishikiliwa kwa sekunde kadhaa zaidi hufuta kila kitu, pamoja na sumaku za milangoni na vihisi. Kwa hiyo mkono uwe mwepesi. Iwapo mfumo una namba ya siri iliyowekwa kiwandani, kama 1234 au 0000, ibadilishe siku hiyohiyo. Bandika namba ndogo nyuma ya kila rimoti, na uandike katika daftari linalobaki ndani ni nani amepewa namba ipi. Kamwe usiandike jina la mtaa wala namba ya nyumba kwenye rimoti.

Rimoti nyingi zina vitufe vinne. Kitufe cha kufuli lililofungwa huwasha ulinzi wote mnapotoka. Kitufe chenye picha ya nyumba huwasha sumaku za milango na kuacha vihisi vya ndani vikiwa vimelala, ili watu waweze kutembea usiku. Kufuli lililo wazi huzima ulinzi. Na kitufe cha dharura hupiga king'ora mara moja, hata kama ulinzi ulikuwa umezimwa. Hicho cha nyumba ndicho husahauliwa sana, na matokeo yake ni familia inayolala bila ulinzi wowote kwa kuogopa kuamshwa na mtoto anayekwenda chooni. Anayeondoka saa tisa usiku kwenda kununua samaki Mwaloni, Kirumba, azime ulinzi akiwa ndani, afunge mlango nyuma yake, kisha awashe tena kwa kitufe cha nyumba akiwa nje, maana waliobaki bado wamelala.

Mkirudi, ulinzi uzimwe kabla ya kufungua mlango, baada ya kutazama kulia na kushoto kuhakikisha hakuna aliyewafuata. Katika mifumo mingi king'ora hutoa mlio mmoja kinapowashwa na milio miwili kinapozimwa. Wako wanaoifunga milio hiyo kwa kuona inasumbua majirani. Mimi ningeiacha, kwa kuwa bila mlio mtu hubonyeza akiwa anakimbilia daladala na hajui kama nyumba imejibu.

Kitufe cha dharura kinahitaji makubaliano na watu. Mweleze jirani, balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa kwamba king'ora kikilia bila kukoma nyumba inahitaji msaada, na mkubaliane atakayepiga simu polisi kwa namba 112. Kisha jaribuni mchana baada ya kuwataarifu. King'ora kinacholia ovyo kila wiki kitazoeleka, na siku ya hatari hakuna atakayetoka. Kabla ya kuilaumu rimoti kwa milio ya ovyo, fungua kihisi kilicho barazani uangalie ndani, kwani wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa hupenya humo, na buibui huwafuata.

Rimoti ikianza kufanya kazi kwa karibu tu, au taa yake ikiwaka kwa unyonge, badilisha betri. Soma namba iliyoandikwa juu ya ile ya zamani, kwa sababu 23A na 27A zote ni za volti 12 na hufanana, lakini haziingiliani, ilhali CR2032 ni ya volti 3 na ina umbo la kifungo. Hii ya kifungo ni hatari kwa watoto: mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili, kwa hiyo apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dalili. Betri ikiwa mpya na rimoti ya msimbo unaobadilika bado inagoma, huenda ilibonyezwa mara nyingi mfukoni ukiwa safarini, tuseme ndani ya kivuko cha kwenda Ukerewe, ikabadilisha msimbo mara nyingi kuliko kisanduku kilivyohesabu. Bonyeza mara mbili mfululizo ukiwa karibu, na ikishindikana isajili upya.

Rimoti ikipotea, iwe imeanguka kutoka kwenye bodaboda au imeondoka na mfanyakazi aliyeacha kazi, isingojewe. Kama kisanduku kinaruhusu kufuta rimoti moja kwa namba yake, futa hiyo kwa kufuata daftari; kama hakiruhusu, futa zote, sajili upya zilizobaki pamoja na sumaku na vihisi, kisha pita kila mlango ukiujaribu. Anayehamia katika nyumba ya kupanga yenye mfumo uliokwishafungwa afanye hivyo siku ya kwanza, kwa makubaliano na mwenye nyumba, kwa kuwa hawezi kujua ni rimoti ngapi zilibaki mikononi mwa wapangaji waliotangulia.