Kikoa cha fanksheni yenye sehemu: shughulika na asili kabla hujakata

Kikoa ni seti ya namba zote zinazoweza kukaa mahali pa x na fanksheni ikatoa jibu. Kwa fanksheni iliyo sehemu, polinomia juu (kiasi) na polinomia chini (asili), kizuizi ni kimoja tu: asili kuwa sifuri.

Kwa nini? Tuseme huku Newala, msimu wa korosho, wakulima x wamepanga kukodi gari la kupeleka magunia ghala la chama cha msingi. Gari ni shilingi 240,000, na watatu wamejitoa. Kila aliyebaki atalipa 240,000/(x − 3). Walioanza wakiwa 7, kila mmoja 60,000. Wakiwa 3? Deni lipo, mlipaji hayupo. Ukisema "basi ni sifuri", zidisha urudi nyuma: 0 × 0 haikupi 240,000. Hakuna namba inayofaa pale.

Sasa swali lenyewe:

f(x) = (x² − 9)/(x² − x − 6)

Hatua ya 1. Kiache kiasi. Andika asili peke yake: x² − x − 6 = 0.

Hatua ya 2. Tafuta namba mbili ambazo zao lake ni −6 na jumla yake −1. Ni −3 na 2. Kwa hiyo (x − 3)(x + 2) = 0; x = 3 au x = −2.

Hatua ya 3. Ziondoe. Kikoa ni namba halisi zote isipokuwa −2 na 3.

Alama nyingi hupotea hapa. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliona kiasi ni (x − 3)(x + 3), akafuta (x − 3) juu na chini kwa kidole gumba, akabaki na (x + 3)/(x + 2). Akaandika: zote isipokuwa −2. Kurahisisha kwake kulikuwa sahihi kabisa, ila 3 ilikwenda na vumbi la chaki. Nikamwambia aiweke 3 kwenye swali la mwanzo. Juu 9 − 9, chini 9 − 3 − 6. Akanyamaza, kisha akairudisha mwenyewe. Kwenye grafu, 3 huacha tundu kwenye (3, 6/5). Penye −2 mchoro hupaa upande mmoja na kuzama upande wa pili.

Kiasi kuwa sifuri hakudhuru: weka −3, utapata 0/6, yaani 0.

Asili ikiwa x² + 4, haishuki chini ya 4, basi huondoi namba yoyote.

Jaribu hii: (x + 5)/(x² + 5x). Za kuondoa ni mbili.