Kabla hujanunua Subaru ya mbio ya mkononi hapa Tanga

Vijana wengi hunipigia simu wakiwa wameshatoa kishika uchumba. Mwongozo huu ni wa yule ambaye hela bado iko mfukoni. Natumia Impreza WRX kama mfano kwa sababu ndizo zinazoingia sana gereji kwangu, ila mengi yanafaa hata ukiwa unafukuzia Toyota Altezza.

Hatua ya 1: Gawa hela kwanza. Gari lisile zaidi ya robo tatu ya ulichonacho. Robo inayobaki ni ya mkanda wa taimingi, matairi, breki, oili nzuri na bima kubwa. Kama ukilipia gari unabaki mikono mitupu, nunua Toyota IST. Sikutanii.

Hatua ya 2: Soma chesisi. Fungua boneti, tafuta namba iliyogongwa kwenye bati nyuma ya injini. Kwa sedani za 2000 hadi 2007, GDA ni WRX ya kawaida, GDB ndiyo STi, ile yenye nguvu zaidi. Ukiambiwa STi na chesisi inasema GDA, unauziwa stika. Namba ifanane na ya kwenye kadi. Gari la namba za Zanzibar ulizia ushuru wa bara kabla ya kupatana bei.

Hatua ya 3: Ingia chini. Gari lililolala Raskazone, kando ya bahari, miaka mitatu limekula chumvi. Pitisha tochi na vidole juu ya matairi ya nyuma, ndani ya fenda, na kwenye mabomba ya breki. Rangi mpya sehemu hiyo tu? Uliza kwa nini.

Hatua ya 4: Liwashe likiwa baridi. Hapa ndipo pa kutumia muda. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho asubuhi. Fungua kifuniko cha oili: utandu kama maziwa maana yake huenda maji yanaingia kwenye oili. Chungulia tangi dogo la maji injini ikinguruma. Mapovu yasiyokoma ni dalili ya gasketi ya silinda hedi kuungua. Liache dakika kumi bila kukanyaga, kisha kanyaga ghafla mwenzako akiwa nyuma. Wingu la bluu ni oili inayoungua, mara nyingi tabo (turbo) au sili za valvu zimechoka. Likishapata moto, panda mpaka mizunguko 3,000 uachie taratibu. Ukisikia ko-ko-ko kutoka chini, beringi za konrodi, ndani ya injini, zinaaga. Usibishane bei, ondoka. Muuzaji atasema "Subaru zote zinalia hivyo, bosi." Mlio wa Subaru unatoka kwenye ekzosi, si kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini.

Hatua ya 5: Nenda nalo mpaka Muheza. Mzunguko wa mtaani hautoshi. Angalia geji ya joto, klachi kwenye mlima, na kama gia ya pili inakwaruza. Matairi yote manne yawe saizi moja na yamelika sawasawa; gari linalovuta miguu yote minne kama Subaru hii huua difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, kwa tairi zisizolingana.

Hatua ya 6: Makaratasi. Angalia faini za trafiki kwa namba ya gari, andikishianeni mkataba kwa wakili, mfanye uhamisho TRA mkiwa pamoja. Salio la mwisho mpe uhamisho ukishakamilika.