Jinsi ya kuendesha ligi ya mpira ya watoto wa makanisa: tunavyofanya Nakivale

Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, watoto wetu ni Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wenyeji, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha uwanjani. Ukitaka kuanzisha ligi kama yetu, anza hivi.

Hatua ya 1: Siku ya kucheza. Kabla ya kutafuta jezi, waite walimu wa shule ya Jumapili wa kila kanisa, na wenzao Waadventista. Msimu wa kwanza tulipanga Jumamosi bila kuuliza. Watoto wa Kiadventista wakaja na nguo zao za ibada, wakasimama kando ya mstari kuwatazama wenzao. Iliniuma sana. Sabato yao huanza Ijumaa jua likizama na huisha Jumamosi jua likizama, kwa hiyo sasa tunacheza Jumapili saa tisa alasiri, ibada zikiwa zimekwisha.

Hatua ya 2: Ruhusa. Mwone mwenyekiti wa kijiji, kisha upeleke barua kwa OPM, ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia kambi. Nje ya kambi, anza na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji.

Hatua ya 3: Umri. Omba kadi ya chanjo. Wengi zao zilipotea njiani wakikimbia vita. Hapo kaa na mlezi mkubaliane mwaka wa kuzaliwa, mwandike, naye atie sahihi. Ukibaki na shaka, mweke mtoto kwenye kundi la wakubwa. Sisi tuna makundi mawili: chini ya miaka 10 na chini ya 13.

Hatua ya 4: Kila mtoto acheze. Hii ndiyo roho ya ligi, usiilegeze hata kwenye fainali. Chezesha watoto 7 kila upande, vipindi vinne vya dakika 10. Saba mara nne ni nafasi 28, kwa hiyo timu ya watoto 14 inampa kila mmoja vipindi viwili kamili. Usisajili wa 15. Mpe mama mmoja asiye na mtoto kwenye mechi hiyo daftari: majina 14, safu nne, alama ya vema kwa kila aliyeingia. Kocha akimwacha mtoto benchi ili ashinde, timu yake inapoteza mechi, na watoto waambiwe kwa upole kwamba kosa si lao.

Mpira uwe namba 4. Namba ikiwa imefutika, uzungushie kamba: iwe kati ya sentimita 63.5 na 66.

Hatua ya 5: Ratiba. Timu sita ni mechi 15, wiki tano. Wiki ya kwanza: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Timu ya 1 ibaki mahali pake, zingine zizunguke nafasi moja. Wiki ya pili inakuwa 1 na 5, 6 na 4, 2 na 3. Endelea hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Siku ya mechi. Sala fupi katikati ya uwanja, timu zote mbili zimeshikana mikono. Watoto wa Kiislamu huja pia; wakaribishe, wala usimlazimishe yeyote kusali. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto. Ukihisi mtoto anaumizwa nyumbani au popote, piga 116, simu ya kuwasaidia watoto hapa Uganda; ni bure.

Ngurumo ya kwanza ikisikika, simamisha mchezo hata kama ni penalti. Agosti 2020, huko Arua, radi iliua watoto 10 waliokuwa wamejikinga mvua kibandani baada ya kucheza mpira. Usiwapeleke chini ya mti wala kwenye kibanda au hema. Tafuta mapema jengo imara lililo karibu, darasa lenye kinga ya radi likiwepo, uombe ufunguo kabla ya mechi, na msirudi uwanjani mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.