Ruzuku ya serikali kwa uhifadhi: andikeni ombi mkianzia kwa mkaguzi

Ruzuku ya serikali, hata ikiwafikia kupitia shirika la kimataifa, ni kodi ya watu. Mwisho wa mradi atakuja mkaguzi na maswali mawili: fedha zimekwenda wapi, na ni nini kimebadilika pale mliposema kitabadilika? Vikundi vingi huandika ombi kwanza, kisha huyafikiria maswali hayo miaka miwili baadaye, boksi la risiti likiwa mezani. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume.

Mlango wa kubisha

Mfuko wa Mazingira wa Dunia, GEF, ulianza mwaka 1991 na huchangiwa na serikali. Kwa awamu yake ya 8, ya 2022 hadi 2026, nchi 29 ziliahidi dola bilioni 5.33. Kikundi cha kijamii hakiombi huko moja kwa moja. Miradi mikubwa hupitia mojawapo ya mashirika 18 yaliyoidhinishwa, tena kwa barua ya ridhaa ya ofisa wa serikali anayesimamia masuala ya GEF katika nchi husika. Mlango wa vikundi ni Programu ya Ruzuku Ndogo, iliyoanzishwa mwaka 1992 na ambayo kwa muda mrefu imeendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi. Someni tangazo la nchi yenu kujua kiwango cha sasa. Maombi huamuliwa na kamati ya kitaifa ambayo wajumbe wake wengi hawatoki serikalini. Ipo pia ruzuku ndogo ya maandalizi kwa kikundi ambacho hakijaweza kuandaa andiko kamili, na watu wachache huiulizia. Mratibu wa nchi anaweza hata kupokea wazo kwa lugha ya wenyeji au kwa video.

Uingereza ina Darwin Initiative, mpango wa ruzuku za uhifadhi uliotangazwa kwenye mkutano wa mazingira wa Rio mwaka 1992. Fedha zake zinahesabiwa kama msaada wa maendeleo, kwa hiyo ombi linalookoa chura bila kuonyesha maisha ya watu yanavyonufaika halifiki mbali, hata kama sayansi yake ni safi. Ujerumani ina IKI, mpango wake wa kimataifa wa hali ya hewa, tangu 2008, nao una dirisha la ruzuku ndogo. CEPF, mfuko wa ubia wa kuhifadhi mifumo ya ikolojia iliyo hatarini, unaochangiwa na Ufaransa, Umoja wa Ulaya, Japani na wengine, hutoa fedha kwa maeneo maalumu tu yenye utajiri mkubwa wa viumbe. Kama eneo lenu halimo kwenye ramani yao, msipoteze wiki.

Makubaliano ya kimataifa ya bioanuai ya Montreal, ya Desemba 2022, yaliweka lengo la dola bilioni 20 kwa mwaka kufikia 2025, na bilioni 30 kufikia 2030, kutoka nchi zilizoendelea kwenda zinazoendelea. Msiyajaze kwenye utangulizi wa ombi. Anayelisoma anayajua, na nafasi mliyopewa ina kikomo cha maneno.

Kabla ya kuandika, linganisheni kiasi mnachoomba kwa mwaka na fedha mlizowahi kusimamia kwa mwaka. Kikundi kilichozoea dola 4,000 kikiomba 50,000, wapimaji wa maombi husita hata kama wazo ni zuri. Ombeni kidogo, au ingieni kama mwenza wa shirika lenye hesabu zilizokaguliwa.

Mstari mmoja wa jedwali la matokeo

Jedwali la matokeo ni sehemu ya ombi inayosema nini kitabadilika na kitapimwaje. Hapa ndipo maombi mengi hufia, kwa hiyo tuangalie mfano mmoja kwa karibu: kurejesha mikoko kwenye hekta 5.

Kikundi huandika: "Miche 12,500 itapandwa." Hiyo ni kazi, bado si matokeo. Miche yote inaweza kupandwa Jumatatu na kufa kabla ya mwaka kwisha, na mstari ukabaki umetimia. Andikeni hivi: "Kufikia mwezi wa 24, angalau asilimia 70 ya miche kwenye hekta 5 iko hai." Kisha semeni mtakavyojua. Kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, hekta moja huchukua miche 2,500, na kiploti cha mita 10 kwa 10 huwa na miche 25. Wekeni viploti 10 vya kudumu kwa kura, si pale miche ilipopendeza. Chukueni alama za GPS za kona zake, hesabuni miche yote 250 mwezi wa 3, wa 12 na wa 24, na kila safari mpige picha mkisimama palepale. Karatasi za hesabu zenye tarehe na sahihi ndizo ushahidi wa mkaguzi.

Mstari huo huo huwalazimisha kuuliza swali la kitaalamu mapema: mikoko ilitoweka kwa nini? Kosa linalorudiwa sana ni kupanda kwenye tope la chini kabisa kwa sababu halina mwenyewe wa kugombana naye. Mikoko huishi sehemu ya juu ya mawimbi, takriban kuanzia usawa wa wastani wa bahari hadi maji makuu yanapofika. Chini ya hapo mche hukaa majini muda mrefu mno na kufa. Tena, kama tuta au barabara imeziba maji yasipite, kufungua mkondo kunaweza kurudisha mikoko bila kupanda chochote, ikiwa miti mama ipo karibu. Mpimaji anayejua kazi hutafuta sentensi inayojibu swali hilo. Asipoiona, anajua kwamba mnapanda ili mhesabu miche.

Takwimu za mwanzo zikusanyeni kabla fedha hazijafika. Hali ya kabla ya mradi haikusanywi mradi ukiwa umeshafika katikati.

Bajeti

Kila tarakimu itoke kwenye hesabu inayoonekana. "Upandaji: dola 3,000" huzua maswali. Kwa mfano wetu, miche 12,500 pamoja na asilimia 20 ya kurudishia itakayokufa ni 15,000. Mkikadiria mtu hupanda miche 200 kwa kipindi kimoja cha maji kupwa, upandaji wa kwanza ni siku-mtu 63 (siku-mtu moja ni kazi ya mtu mmoja kwa siku moja) na wa kurudishia 13, jumla 76. Zidisheni kwa ujira wa kutwa unaolipwa kwa kibarua cha namna hiyo. Sasa mtu yeyote anaweza kuikagua, na kama hamkubaliani mnabishana juu ya 200, si juu ya uaminifu wenu.

Nguvu za wanakikundi zinaweza kuhesabiwa kama mchango wenu, ila zithaminini kwa ujira huo huo, na mahudhurio yaandikwe kila siku. Mchango usio na orodha yenye sahihi au alama za dole gumba hautambuliwi.

Vitu vinavyosahaulika: vibali vya utafiti na vya kufanya kazi ndani ya hifadhi, ukaguzi wa hesabu, bima ya chombo cha majini, gharama za benki, na muda wa mhasibu. Tena kuna sarafu. Ruzuku huandikwa kwa dola, pauni au yuro, nanyi mnalipa kwa fedha ya nchi. Andikeni kiwango mlichotumia na tarehe yake, na ulizeni mapema tofauti ikitokea ni ya nani.

Angalieni pia mwaka wa fedha wa mfadhili. Wa serikali ya Uingereza ni 1 Aprili hadi 31 Machi, na kiasi kilichopangwa mwaka mmoja msitegemee kitahamia mwingine chenyewe. Mkataba ukichelewa miezi minne, msimu wa kupanda unaweza kupita huku fedha za mwaka huo zikikaribia kufungwa. Mwaka wa kwanza wekeni kazi zisizotegemea msimu: vibali, vitalu, vipimo, mikutano ya mipaka. Mkiona mambo yanasogea, ombeni mabadiliko kwa maandishi kabla ya kutumia.

Mkishapata

Fungueni akaunti ya mradi peke yake, yenye watia sahihi wasiopungua wawili ambao si ndugu. Ruzuku hulipwa kwa awamu, na awamu inayofuata husubiri ripoti ya iliyopita. Ripoti ikilala wiki sita, walinzi na vibarua hukaa wiki sita bila malipo. Manunuzi yanayozidi kiwango cha mkataba yaambatane na bei za wauzaji watatu, zenye tarehe za kabla ya ununuzi. Zikiwa na tarehe za baadaye, mkaguzi ataona ndani ya dakika moja.

Kila malipo yawe na hati ya malipo, risiti na jina la aliyeidhinisha, vyote vikiwa na namba moja. Risiti za mashine hufifia, na baada ya miezi kadhaa mnaweza kubaki na karatasi nyeupe. Pigeni nakala siku hiyo hiyo na kuibana nyuma ya risiti halisi.