Kabla hujaziamini risasi zilizo kwenye bastola yako

Kuna watu humaliza mwezi mzima wakichagua bastola, halafu risasi wanachukua boksi lolote lililo karibu, wanajaza magazini na kulala usingizi. Usifanye hivyo. Risasi nazo zina kuchaguliwa, na zikishachaguliwa zina kujaribiwa.

Anza na sheria. Kibali chako kiwe hai, na ujue ni aina gani za risasi raia anaruhusiwa kubeba unakoishi. Zipo nchi zinazokataza zile zenye tundu kichwani, yaani kwenye kile kipande kinachoruka ukifyatua. Limalize hilo kabla hujatoa pesa.

Kisha soma kilichoandikwa kwenye mtutu, usome na kitako cha risasi. "Milimita tisa" si risasi moja. Kuna 9x19, kuna 9x18 ya Makarov (bastola ya Kirusi), kuna 9x17. Kwa macho zinakaribiana sana, lakini moja haichukui nafasi ya nyingine. Boksi lenye alama ya +P lina risasi za msukumo mkubwa kuliko kawaida. Kama kitabu cha bastola yako hakikuziruhusu, ziache.

Kwa mazoezi tumia zile ambazo kichwa kizima kimefunikwa shaba. Ni nafuu na hazikwami ovyo. Tatizo lake ni kwamba zinaweza kupenya mwili wa mvamizi na kuendelea hadi kwa aliye nyuma yake, au kupita ukuta wa chumba wanakolala watoto. Zenye tundu kichwani hutanuka zikiingia mwilini na kupunguza mwendo, ndiyo maana wengi huzichagua kwa kujihami. Ila zisitanuke upesi mno. Mwaka 1986, huko Miami, maajenti wawili wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliuawa katika mapambano ambamo mhalifu mmoja alipigwa risasi iliyosimama kabla ya kufika kwenye moyo, naye akaendelea kupigana. Baada ya hapo FBI wakaanza kupima risasi kwa kuzifyatua kwenye jeli inayoiga nyama ya mwili, wakitaka ipenye kati ya sentimita 30 na 46. Unapochagua, tafuta iliyofaulu kipimo hicho, hata kwa mtutu mfupi kama wako ni mfupi.

Sasa ijaribu kwenye bastola yako. Ya rafiki yako haihesabiki, hata kama ni muundo uleule. Mimi siikubali risasi ambayo sijafyatua 200 za aina hiyohiyo bila kukwama. Ni gharama, najua, lipa. Andika namba kwenye magazini zako, maana mara nyingi mkosaji ni magazini moja tu na bila namba hutamjua. Jaribu magazini ikiwa imejaa kabisa na moja ikiwa tayari chemba, yaani nyuma ya mtutu inapokaa risasi ya kufyatuliwa. Jaribu kwa mkono mmoja, kisha kwa mkono dhaifu, kwa sababu mshiko legevu nao hukwamisha slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma na mbele. Na uangalie zinapotua. Risasi za uzito tofauti hazigongi mahali pamoja.

Lililoniumiza mimi sikuwahi kuambiwa na mtu. Kwa zaidi ya mwaka, kila jioni nilitoa magazini, nikavuta slaidi, nikapokea mkononi ile risasi ya chemba. Asubuhi nairudisha juu ya magazini, nakoki, yaani navuta slaidi na kuiachia iisukume chemba, natoka. Risasi ileile, au mwenzake wa chini yake niliyekuwa nikibadilishana naye. Kila ukikoki, pua ya risasi hugonga mteremko wa kuingilia mtutu, na kichwa husukumwa kidogo kidogo ndani ya ganda, ule mrija unaobeba baruti. Baruti haikupungua, nafasi ndiyo imepungua. Siku ukifyatua, msukumo hupanda kupita kiasi ganda linachoweza kuhimili.

Siku hiyo nilikwenda uwanja wa shabaha kumaliza risasi za zamani. Niliyoanza nayo ilipasukia ndani. Magazini ilichomoka ikaanguka chini, mshikio ukapasuka, na daktari alinitoa kipande cha ganda kwenye kiganja. Mwalimu wa shabaha aliokota ile ya pili, akaisimamisha kando ya mpya. Ilikuwa fupi kwa karibu milimita mbili. Milimita mbili zinaonekana bila kipimo chochote, na mimi nilikuwa nazishika kila siku.

Kwa hiyo fanya hivi: kila risasi ikiingia chemba bila kufyatuliwa, ichore mstari kwa kalamu ya wino mzito. Ikifika mistari miwili, haikokiwi tena. Isimamishe kando ya mpya. Ikiwa na urefu uleule, itumie mazoezini, na ikiwa imefupika hata kidogo, isifyatuliwe kabisa, ipeleke kwa fundi wa silaha. Tena kugongwagongwa huko kunaweza kuharibu fataki, yaani kile kiduara cha kitakoni, na risasi ikagoma siku unayoihitaji. Kama sheria inakuruhusu, ni heri bastola ilale na risasi zake ndani ya kisanduku chenye kufuli kuliko kuitoa na kuirudisha kila siku.

Usipake risasi mafuta, wala usiziache kwenye gari juani. Za kubeba zibadilishe kila mwaka. Za kutengenezwa nyumbani ziishie kwenye shabaha. Risasi ikigoma, elekeza mtutu kwenye shabaha na usubiri sekunde 30 kabla ya kufungua slaidi, kwa kuwa zipo zinazochelewa kulipuka. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, usifyatue nyingine: toa magazini, ondoa kila kilicho chemba, kagua mtutu, maana kichwa kinaweza kuwa kimenasa humo.