Umefukua chuma hukielewi? Anza hivi kabla hujawaita wanunuzi wa rupia, zile sarafu za zamani za Mjerumani

Kabla ya yote, kama ulichokuta ni kirefu cha mviringo kina ncha mbele, au kina mapezi nyuma kama samaki, au kimezungukwa na mkanda wa shaba kiunoni, acha hapohapo. Usikitingishe, usikisafishe, weka kijiti cha alama kwa mbali kidogo, ondoa watoto, piga 112. Sio kutishana, wa Dar tunajua, Mbagala ililipuka tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto 16 Februari 2011 na mabomu yaliruka mpaka majumbani kwa watu, kwaiyo ukiwa na ditekta, ile mashine ya kusaka chuma ardhini, pande zile akili kichwani.

Haya tuseme sio bomu.

Usisugue! Watu wakifika tu home ni stilwaya na ndimu mpaka kitu king'ae, ukimaliza umefuta maandishi yote. Maji ya kawaida na mswaki wa zamani vinatosha, kausha kivulini. Halafu chukua sumaku, ya spika mbovu inafaa, ikikamata hicho ni chuma au stili. Isipokamata angalia rangi: ukijani ni shaba au brasi, kitu chepesi chenye unga mweupe ni alminiamu, na kikiwa kizito laini, ukikichora kwenye karatasi kinaacha mstari wa kijivu, hiyo risasi (madini, sio ya bunduki), huku pwani mara nyingi ni chubwi ya wavuvi tu, nawa mikono.

Bado una wasiwasi? Mzani wa jikoni. Pima kitu kikavu kwanza. Kisha weka glasi ya maji juu ya mzani, rudisha sifuri, funga kitu kwa uzi ukizamishe chote bila kugusa chini wala pembeni, namba itakayotokea gawanya nayo uzito wa kwanza. Shaba inakuja karibu 8.9, brasi 8.4 mpaka 8.7, chuma 7.8 hivi, fedha 10.5, risasi 11.3. Dhahabu safi ni 19.3, kwaiyo "dhahabu" yako ikisoma 8 na ushee tulia.

Ila kujua ni madini gani sio kujua ni kitu gani, hapo ndo wengi tunakwama. Mi nlifukua jogoo Kigamboni, kwenye kiwanja chenye msingi wa nyumba ya zamani, kina cha shubiri moja tu. Jogoo mdogo urefu wa kidole gumba, kijani tupu, mguu mmoja umekatika. Gramu 84, kwenye maji 10, brasi hiyo. Jirani mmoja akasema ni nembo ya Mjerumani, mwingine anamjua tajiri ananunua kwa mamilioni, na mi nusu niamini aisee. Kumbe jibu lilikuwa chini ya jogoo mwenyewe, kuna kipini kimevunjika, na mgongo wake upande mmoja umelika laiiini kama umeshikwashikwa miaka. Nikampelekea bibi, hata miwani hakuvaa. "Mjukuu wangu, huyu si jogoo wa pasi?" Pasi ya mkaa! Jogoo ndo komeo la mfuniko, unamsukuma kwa kidole gumba unaongeza makaa.

Kwaiyo ukiokota chuma usikiulize tu ni nini, kiulize kilikuwa kimeshikana na nini. Tafuta kilipovunjika, tundu, nyuzi za skrubu, sehemu iliyolika, maana palipolika ndo mkono ulipokuwa unashika. Ukishindwa nenda mtaa wa Gerezani hapa Dar kwa mafundi wazee, we muulize tu hiki kilikuwa kinakaa wapi, usianze habari za bei. Karibu na reli ya kati, ile iliyoanza kujengwa hapa Dar 1905 ikafika Kigoma 1914, utakutana na misumari ya mataruma, hiyo iache, usije ukaonekana unahujumu reli.

Ikiwa ni sarafu soma herufi ndogo. Rupia ya Mjerumani ni fedha, sumaku haiikamati, ikikamata ni feki hata muuzaji aape vipi. Kuanzia 1904 rupia moja ilikuwa heller 100, kabla ya hapo pesa 64, pesa hapo ni jina la sarafu. Kwenye heller herufi inakwambia iligongwa wapi, A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora, za 1916 walizojigongea wenyewe vitani. Na kitu cha kabla ya 1863 kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kipeleke Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, Dar, na kwenye magofu ya Kunduchi usipeleke mashine kabisa.

Halafu rudi kwenye shimo lako. Bibi alipomaliza kucheka aliniuliza, "sasa pasi yenyewe iko wapi?" Nikarudi kesho yake, hatua mbili tu kutoka pale nikapata bawaba ya mfuniko. Mguu wa jogoo bado nautafuta.